Sura ya 6: Lundo Lisilo na Mwenyewe

Anayejenga Kitengela huanza kwa kutupa. Kabla ya jiwe la kwanza kulazwa, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, lazima udongo mweusi utoke. Tambarare hii, kuanzia Athi River kushuka Kitengela hadi kuipita Isinya, imefunikwa kwa sehemu kubwa na udongo wa mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu mno. Ndani yake mna madini yaitwayo montmorilonaiti, ambayo hunyonya maji na kufura wakati wa masika, kisha hunywea na kupasuka kiangazi kikiingia, hadi nyufa zikaweza kumeza kwato za mbuzi. Nyumba iliyowekwa juu ya udongo huo hupandishwa na kushushwa kila msimu. Ukuta hupata ufa wa mshazari kuanzia pembe ya dirisha, mlango hukataa kufungika, sakafu huvimba katikati. Mafundi wa huku wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana swali lao la kwanza kwa mwenye ploti halihusu ramani ya nyumba. Huuliza mwamba uko futi ngapi chini.

Jibu hubadilika kila baada ya hatua chache. Kwenye ploti moja mwamba au muramu uko karibu, kwa jirani unazama mara mbili au tatu ya kina hicho. Asiyepima huchimba hadi macho yake yaridhike. Mashine ya kuchimba hulipwa kwa saa au kwa siku, mwendeshaji wake yuko juu ya kiti akilitazama shimo kwa mbali, na foremani anayesimama ukingoni hana sababu kubwa ya kumzuia, kwa kuwa shimo refu humpa usingizi kuliko shimo fupi.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua msingi wa nyumba wa mita 10 kwa 12. Mashine ikipitiliza kina kwa sentimita 15 tu, hizo ni mita za ujazo 18 za udongo uliochimbwa bure. Udongo ukishachimbuliwa hutanuka, kwa hiyo utakaopakiwa utakaribia mita za ujazo 23. Tipa ndogo inayobeba mita za ujazo 5 itakwenda safari tano kuutupa. Kisha shimo lile lile lazima lijazwe mawe ya kushindilia, hadikoo, mita za ujazo 18 na zaidi, safari nyingine nne au tano. Karibu safari kumi za dizeli, pamoja na mawe yaliyopasuliwa timboni, zote kwa sababu ya sentimita 15 chini ya nyumba moja.

Nyumba moja ingesahaulika. Lakini sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika eneo lililokuja kuwa Kaunti ya Kajiado, na ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu 154,436. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wenyewe mwaka 1988, eneo la viwanda vya kuuza nje likaanzishwa Athi River miaka michache tu baadaye, na tangu hapo malisho yamekuwa yakikatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Kila ploti ina udongo wake wa kutupwa. Unatupwa wapi? Kwenye ploti ya mtu ambaye hajaanza kujenga. Kando ya barabara ya ndani, ambako mvua ya kwanza huugeuza kuwa matope yanayoziba mtaro. Kwenye ukingo wa mto, pamoja na vipande vya mawe, vigae vilivyovunjika, mifuko mitupu ya saruji na mbao zenye misumari. Lundo halina mwenyewe. Aliyejenga amelipa litoweke, mwenye tipa amelipwa aliondoe, na baada ya hapo hakuna anayeulizwa.

Sura hii inahusu lundo hilo, na inahusu magari yanayojiendesha bila dereva. Mambo haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali sana. Naamini yanakutana mahali pamoja: penye kukosa uhakika. Taka nyingi za mjengo huzaliwa na hofu ya mtu asiyejua kitu kitafika lini, kikiwa kiasi gani, na kilipotoka kiliacha nini. Mashine zisizo na dereva zimefanikiwa pale ambapo hofu hiyo imeondolewa, na kuondolewa kwake kuna thamani hata pale ambapo dereva anabaki kwenye usukani.

Angalia mchanga. Tunauziwa kwa lori, lori la tani saba, lori la tani ishirini, ingawa hakuna mizani mtoni na hakuna mizani kwenye ploti. Mnunuzi hutazama kilele cha mzigo na kuamini. Tena mchanga una tabia inayomponza kila anayeupima kwa ujazo: ukiwa na unyevu kidogo tu, punje zake hutengwa na utando wa maji na mzigo hufura, hata kwa robo ya ujazo wake au zaidi. Lori lile lile likija asubuhi ya manyunyu lina mchanga mdogo kuliko likija mchana wa jua. Fundi anayepima kwa karai au wilibaro huchanganya zege lenye mchanga pungufu leo na mchanga wa kuzidi kesho, huku akidhani amefuata kipimo kimoja.

Kwa hiyo mwenye mjengo huagiza wa ziada. Lori la jana halikufika, la leo halijulikani, vibarua wameshalipwa nauli na wamekaa juu ya mawe wakingoja. Afadhali lundo kubwa. Mvua ikija hulichukua lundo hadi mtaroni, kuku na watoto hulisambaza, na lililobaki mwisho wa kazi limechanganyika na udongo mweusi hata haliwezi kutumika tena. Saruji nayo huagizwa mifuko mingi kabla bei haijapanda au lori halijakwama, ikawekwa kwenye kibanda cha mabati juu ya ardhi inayofuka unyevu, na baada ya majuma kadhaa mifuko ya chini imekuwa mawe. Uzalishaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Mfuko ulioganda kibandani ulishachafua anga, na haujajenga chochote.

Hasara ya mchanga inaonekana vizuri zaidi ukirudi ulikotoka. Mito mingi ya ukanda huu hukauka juu lakini huhifadhi maji chini ya mchanga wake. Kiangazi kikikaza, wafugaji hufukua visima vifupi kwenye mchanga huo na kunywesha ng'ombe. Kila lori linalopanda kutoka mtoni limebeba sehemu ya kisima. Majirani wa Makueni walichukulia jambo hili kwa uzito wakatunga sheria ya kaunti ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mchanga unaoliwa na mtaro wa Kitengela umeondolewa kwenye mdomo wa ng'ombe wa mtu fulani, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuandika sura hii.

Sasa tuyaendee magari.

Si lazima kwenda mbali. Katika mkoa wa Haut-Uélé, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna mgodi wa dhahabu wa Kibali, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013 na ambao leo unaendeshwa na kampuni ya Barrick. Huko chini ya ardhi, mashine kubwa za kupakia zilizotengenezwa na Sandvik huchota mawe yenye dhahabu na kuyapeleka kwenye kisagio bila mtu yeyote kwenye kiti. Waendeshaji wako juu ya ardhi, mbele ya skrini, na mmoja anaweza kusimamia zaidi ya mashine moja. Eneo zinamozunguka limefungwa kwa vizuizi, na mtu akivuka kizuizi, mashine husimama. Wakati wa kubadilishana zamu, ambapo zamani mgodi ungenyamaza, kazi inaendelea. Wale wanaodhani teknolojia hii ni ya Ulaya na Marekani pekee wanapaswa kujua kwamba imekuwa ikifanya kazi kwa miaka kadhaa katika kanda yetu, mikononi mwa Wakongo.

Dhahabu inalipa gharama ambazo kokoto haziwezi kulipa, hilo ni kweli. Kwa hiyo tutazame vifaa vya ujenzi vyenyewe. Mwaka 2018, kwenye timbo la kampuni ya Skanska liitwalo Vikan Kross, karibu na mji wa Göteborg nchini Uswidi, Volvo ilifanya jaribio la wiki kumi. Magari manane madogo ya umeme, yasiyo na kibanda cha dereva, yalibeba mawe kutoka mashine moja hadi nyingine. Volvo ilitangaza kwamba gesi ya kaboni ilipungua kwa asilimia 98 katika kazi hiyo na gharama ya nishati kwa asilimia 70. Hizo ni takwimu za mwenye kuuza mashine, nami ningezipokea kwa tahadhari. Ila sababu zake zinaeleweka kwa urahisi: gari halikungoja foleni injini ikinguruma, halikwenda na nusu mzigo, na halikuwa kubwa kuliko kazi iliyohitajika.

Mfano unaonigusa zaidi uko Norwei, kwa sababu unahusu chokaa, na chokaa ni habari ya Kajiado. Kampuni ya Brønnøy Kalk ilitia saini na Volvo mwaka 2018 mkataba wa malori sita ya kujiendesha, ya kubeba mawe ya chokaa kilomita tano kupitia kwenye mahandaki hadi kisagio. Jambo kubwa lilikuwa kwenye malipo. Kampuni ya mgodi haikununua malori. Inalipia kila tani iliyofika. Tani isiyofika, tani iliyomwagika njiani, safari iliyokwenda tupu, hiyo ni hasara ya mwenye malori. Hebu mtu afikirie biashara ya mchanga wa Kitengela ikiendeshwa hivyo, kila mtu akilipia kilichopimwa kikiwa kimefika.

Huko Japani, kampuni ya Kajima imetumia buldoza, malori na mashine za kushindilia zinazojiendesha katika ujenzi wa bwawa la Naruse, mkoani Akita. Watu wachache hukaa kwenye chumba cha uongozaji na kusimamia kundi zima la mashine. Bwawa hilo linajengwa kwa mchanga na changarawe za eneo lile lile, zikichanganywa na saruji kidogo, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua na kuosha mawe bora kutoka mbali na kuyatupa mengine. Mbinu hiyo inahitaji kusambaza na kushindilia kwa usawa mkubwa, tabaka juu ya tabaka, na mashine isiyochoka wala kukadiria kwa macho hulifanya hilo vizuri. Usahihi umewezesha mawe ya kawaida kutumika pale ambapo zamani yangekataliwa.

Katika mifano hii yote njia imefungwa, mzigo umepimwa na muda unajulikana. Kukosekana kwa dereva kumekuja baadaye, kama tunda la mambo hayo matatu.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja yangu hautoki kwenye ujenzi kabisa. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu kwenye hospitali za Rwanda kwa ndege ndogo zinazojirusha zenyewe, kutoka kituo cha Muhanga. Kila mtu alizungumzia kasi, na kasi iliokoa maisha. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la afya la Lancet Global Health ulionyesha jambo jingine: katika hospitali zilizohudumiwa, damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Kabla ya hapo hospitali ya mbali ililazimika kuweka akiba ya kila aina ya damu, kwa hofu, na sehemu yake ikaharibika kwenye jokofu. Daktari alipojua kwamba akiagiza sasa itafika upesi, aliacha kulimbikiza.

Damu kwenye jokofu na saruji kwenye kibanda cha mabati zinaharibika kwa sababu ile ile.

Je, basi tulete malori yasiyo na dereva Kitengela? Simama kwenye makutano ya mji jioni ya Ijumaa uone. Matatu zimepanga mistari mitatu mahali pa miwili. Bodaboda hupita kushoto na kulia. Mkokoteni wa maji uko katikati. Mchungaji anavusha ng'ombe, naye na dereva wa lori wanaelewana kwa kutazamana tu, mkono ukainuliwa kidogo, lori likapunguza mwendo, ng'ombe wa mwisho akapita. Hakuna kitambuzi cha leza kinachoyaelewa mapatano hayo leo. Hata Marekani, ambako kampuni ya Aurora ilianza Mei 2025 kuendesha malori bila dereva kati ya Dallas na Houston, njia iliyochaguliwa ni barabara kuu pana yenye mistari safi, na majuma machache baadaye mtu alirudishwa kukaa kitini kwa ombi la mtengenezaji wa malori hayo. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, nayo imejengwa tangu mwanzo hadi mwisho juu ya mtu anayeitwa dereva: leseni yake, saa zake, makosa yake. Atakayeniambia kwamba tipa isiyo na dereva itashusha kokoto kwenye mitaa ya Milimani au Noonkopir mwakani, sitamwamini.

Lakini upande wa pili wa kaunti una njia za aina nyingine. Chokaa ya Kajiado imekuwa ikilisha viwanda vya saruji vya Athi River kwa miongo mingi, ikiwemo kampuni ya East African Portland, mojawapo ya kongwe kabisa katika kanda hii. Ndani ya machimbo, kutoka ukuta wa mawe hadi kisagio, barabara ni ya kampuni, watu wanahesabika, mzigo ni ule ule asubuhi hadi usiku. Huko mazingira yanafanana na yale ya Brønnøy. Huko ndiko ningetarajia gari la kwanza la kujiendesha katika sekta yetu ya ujenzi, na sioni sababu lije likiwa limetanguliwa na hotuba nyingi.

Kwenye ploti zenyewe, nusu ya teknolojia hiyo inatosha, na nusu hiyo tayari inauzwa. Tangu mwaka 2013 Komatsu imekuwa ikiuza buldoza ambalo blade yake hujiongoza kwa setilaiti, na baadaye mashine ya kuchimba ambayo ndoo yake husimama yenyewe ikifika kwenye kina kilichowekwa. Mwendeshaji yuko kitini, anazungusha, anapakia, anawatazama watu walio karibu. Kitu kimoja tu ameondolewa, nacho ni kukadiria kina. Zile sentimita 15 za mwanzo wa sura hii hazichimbwi. Sharti lake ni kwamba mtu awe amechimba mashimo madogo ya kupimia kwenye pembe na katikati ya ploti, akajua mwamba uko wapi, kabla mashine haijaletwa. Mashine ya kisasa iliyopewa kina cha kubahatisha itachimba bahati hiyo kwa usahihi mkubwa.

Na asiye na uwezo wa kukodi mashine ya setilaiti? Mafundi wetu wana mpira wa maji, ule mrefu wa plastiki inayoonyesha ndani, unaopima usawa wa pembe mbili za nyumba kwa tofauti ndogo kabisa. Wengi sasa wana kipimo cha leza kinachosimama juu ya miguu mitatu. Kibarua mmoja mwenye fimbo iliyotiwa alama, akisimama shimoni kila baada ya ndoo kadhaa huku mkono wa mashine umesimamishwa, anaweza kuokoa safari nyingi za tipa kwa ujira wa siku moja. Usahihi haukuzaliwa na kompyuta. Kompyuta imeufanya usitegemee kama foremani ameamka vizuri.

Zege la kuletwa na lori linastahili kutajwa pia. Kanuni ya kawaida ni kwamba limwagwe ndani ya dakika 90 tangu maji yalipokutana na saruji. Viwanda vya kulichanganya viko karibu, upande wa Mlolongo na Athi River, lakini foleni ya kuingia Kitengela ikikaza, dakika hizo huliwa barabarani, na mzigo uliopitwa na wakati humwagwa mahali. Gari linalojiendesha halitaruka foleni. Kitakachosaidia ni ratiba: lori lenye kifaa cha setilaiti, kiwanda kinachoona barabara, na mjengo unaotuma ujumbe kwamba mbao zimefungwa na nondo zimekaguliwa, kabla ya pipa kuanza kuzunguka. Kampuni ya Lori Systems, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2016, ilijenga biashara yake juu ya wazo la namna hiyo kwa mizigo mikubwa, kuoanisha lori na shehena ili lisirudi tupu. Mchanga na kokoto bado zinaendeshwa kwa simu na dalali wa kando ya barabara.

Neno tupu ndilo linalonirudisha kwenye udongo mweusi. Tipa inayoleta kokoto Kitengela hurudi timboni haina kitu. Wakati huo huo tipa nyingine inaondoka Kitengela na udongo kwenda kuutupa, na hurudi haina kitu. Safari mbili tupu, kila siku, kwa kila mjengo. Na kule timboni kuna nini? Kuna mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, yenye kuta wima, yanayojaa maji ya mvua na kuwa hatari kwa watoto na mifugo. Shimo linahitaji udongo. Udongo unahitaji shimo. Lori lipo, dereva yupo, mafuta yameshanunuliwa. Kinachokosekana ni mtu au programu inayojua kwamba leo saa nne kuna mita za ujazo 20 kwenye ploti fulani na lori fulani linaondoka hapo jirani.

Kwamba shimo la machimbo linaweza kurudishiwa uhai, pwani yetu ilithibitisha zamani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo makavu ya chokaa ya kampuni ya saruji ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, mahali palipokuwa jiwe tupu lenye maji ya chumvi chini yake. Jongoo waliletwa kula majani ya mivinje na kuyageuza kuwa rutuba. Leo ni msitu unaoitwa Haller Park, wenye twiga na viboko. Haller hakuwa na udongo; ilimbidi autengeneze jani kwa jani. Sisi tunao udongo, ule wa juu una rutuba, majani ya malisho huota ndani yake bila kuombwa, nasi tunautupa mtaroni.

Lazima niseme juu ya madereva, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kutajwa teknolojia hii inapozungumzwa, na wa mwisho kuulizwa. Tipa moja hulisha dereva, utingo, wapakiaji wa sepeto kule mtoni, mama anayewauzia chai na chapati, fundi wa magurudumu. Wengi ni vijana wa Kajiado na Machakos ambao hawana ng'ombe wala shamba la kurudia. Kuokoa taka kwa kuwatupa wao ni kuhamisha hasara kutoka ardhini hadi jikoni kwa mtu, nami siwezi kuiita nafuu. Bahati ni kwamba hapa kwetu faida kubwa ya kwanza haiko kwenye kiti cha dereva. Dereva wa Kitengela analijua kila shimo la barabara, anajua timbo gani lina kokoto chafu, anajua ploti ipi lori litazama masika. Maarifa hayo yakiingizwa kwenye mfumo wa kupanga safari, naye awe amelipwa kwayo, yana thamani kuliko vitambuzi vingi. Na machimbo yatakayofikia kuweka magari ya kujiendesha yapaswa kuwapeleka waendeshaji wake wenyewe kwenye chumba cha skrini, kabla ya kutafuta wageni, na masharti hayo yaandikwe kwenye mkataba wa kununua mashine, siku ile ile.

Serikali ina nyenzo za kutosha kuanza. Tangu 2022 tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomtaka anayezalisha taka awajibike kwazo. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina uwezo juu ya machimbo na kurejesha ardhi iliyochimbwa. Kaunti ndiyo inayopitisha ramani za nyumba. Fomu ya kupitisha ramani huko Kajiado inaweza kuongezwa maswali matatu: mwamba uko kina gani kwenye ploti hii na ulipimwaje, ni mita ngapi za udongo zitakazotoka, na zinakwenda shimo lipi. Jibu la tatu lithibitishwe na karatasi ya mizani iliyopigwa muhuri na timbo lililopokea, karatasi yenye namba ya lori, na isipopatikana, cheti cha kuhamia nyumbani kisitolewe. Tipa chache zenye kifaa cha setilaiti na timbo moja lililo tayari kupokea vinatosha kulijaribu hili kabla ya masika yajayo, kwenye mtaa mmoja tu wa Kitengela, madereva wakiwa kwenye usukani.